Baba, Sema Kijerumani

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka mitano aliponiomba kwa mara ya kwanza nisimsemeshe Kiswahili. Tulikuwa ndani ya basi katika mji mmoja wa kusini mwa Ujerumani, nilikokwenda mwaka 2017 kufanya utafiti, tukizungumzia ugali tutakaosonga jioni. Mama mmoja mzee aliyeketi mbele yetu aligeuka, akatutazama kutoka utosini hadi unyayoni, akauchukua mkoba wake na kuhamia kiti cha mbali. Hakutamka neno. Mtoto akaniinamia akasema, "Baba, sema Kijerumani." Nami, msomaji, pamoja na shahada yangu ya uzamifu katika isimu, nikasema Kijerumani.

Majuma machache baadaye mwalimu wake wa chekechea alituita, akatushauri kwa upole tuache kusema "Kiafrika" nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Nilimjibu kwamba lugha ile ina jina. (Mimi na mke wangu tumetoka makabila mawili, na Kiswahili ndicho tulichooana nacho.) Katika darasa hilohilo alikuwamo mvulana ambaye mamaye ni Mfaransa, na Kifaransa chake kilisifiwa na kila mtu kuwa akiba ya maisha. Watoto wawili, hali moja ya kiisimu. Mmoja akahesabiwa tajiri, mwenzake mgonjwa. Tofauti niliyoiona mimi haikuwa ya sarufi.

Hoja hiyo ya kuchanganyikiwa ni kongwe, na majibu yake ni makongwe vilevile. Mnamo 1913 Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, aliyesemeshwa Kifaransa na baba na Kijerumani na mama, akazimudu zote mbili. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walieleza jinsi watoto wa miaka 10 wenye lugha mbili mjini Montreal walivyowapita wenzao wa lugha moja katika majaribio mengi ya akili. Naam, binti yangu alichanganya. Alipotaka bembea alisema, "Ninataka ku-schaukeln." Lakini tazama: kiambishi cha nafsi kipo mahali pake, cha njeo kipo mahali pake, na kitenzi cha Kijerumani kimevishwa ku- kama inavyostahili. Huo si mkorogo hata kidogo.

Kinachoiua lugha ya nyumbani ni kingine. Mwaka 2007 Annick De Houwer alichapisha matokeo kutoka familia zipatazo 1,900 za eneo la Flanders, Ubelgiji, ambamo lugha nyingine ilisemwa nyumbani. Katika takriban robo ya familia hizo watoto hawakuisema lugha hiyo, na jambo hilo lilihusiana sana na lugha ambazo wazazi wenyewe walizitumia. Nilipoyasoma tena matokeo hayo baada ya siku ile ya basi, nilijiona ndani yake.

Wala nisijifanye kwamba ni Wajerumani walionifundisha kunywea. Katika shule ya msingi niliyosomea miaka ya mwisho ya 1980, aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Mimi nilimnasa binamu yangu. Yule mama wa basi, basi, alikuta shamba lililokwisha kulimwa.

Tuliafikiana na mke wangu kwamba nje, kama ndani, itakuwa Kiswahili. Tukamweleza mtoto waziwazi kuwa wapo watu wanaoichukia rangi yetu, na kwamba kosa si lake wala si la lugha. Rafiki zetu kadhaa walituona wakatili kumwambia mtoto mdogo hayo. Nionavyo mimi, alikuwa amekwisha kuyajua; alikosa tu mtu wa kuyasema naye. Miezi mingi ilipita kabla hajanijibu tena Kiswahili barabarani, na simu za nyanya yake kila Jumapili zilifaa kuliko nadharia zangu zote.

Tulirejea Nairobi mwaka 2019. Shule ya kibinafsi aliyojiunga nayo ilitutumia kanuni zake: Kiingereza siku zote, Kiswahili Ijumaa pekee, na adhabu kwa mkaidi. Haya katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi! Nilipomsomea binti yangu waraka ule alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba, kwani hata hapa yupo yule mama wa basi?"

Nilivaa koti nikaenda kumwona mwalimu mkuu.