Santuri 'mpya' za River Road zatoka chini ya kitanda cha babu

Shuka matatu Tom Mboya Street, msomaji, kisha uifuate Luthuli Avenue hadi River Road. Masikio yako ndiyo yatakayokuongoza. Upande huu spika zinatoa nyimbo za injili, upande ule ohangla, na mbele kidogo kijana mwenye kompyuta anakuuliza unataka akujazie nyimbo ngapi kwenye flashi. Muulize kama ana santuri. Huenda akacheka. Lakini usiondoke haraka, kwani mzee wa kibanda cha jirani anaweza kukuita kwa kidole, akavuta katoni kutoka chini ya meza na kukwambia: "Hizi zimeingia juzi."

Zimeingia kutoka wapi? Swali hilo ndilo lililomtembeza mwandishi huyu Jumamosi tatu mfululizo, maana ni miaka mingi tangu Nairobi iache kuchapa santuri.

Zamani zilichapwa papa hapa. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, River Road na mitaa ya karibu ilikuwa na maduka ya wazalishaji waliouza rekodi ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Wapiga benga walikuja kwa basi kutoka Nyanza. Wengine walitoka Zaire na Tanzania. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga waliianzisha Simba Wanyika, nayo Les Wanyika ikachipuka humo mwaka 1978 na kuvuma kwa kibao Sina Makosa. Rekodi hizo hazikuishia mipakani. Phares Oluoch Kanindo, mzalishaji ambaye baadaye alikuwa Mbunge, aliuza benga hadi kusini mwa Afrika, na muziki wa Zimbabwe unaoitwa sungura ulipata jina lake kutokana na lebo yake ya Sungura. Ukikutana na Mzimbabwe anayejivunia sungura, mweleze hilo taratibu.

Kisha kanda zikaja. Kuiba santuri kulihitaji kiwanda, lakini kuiba kanda kulihitaji redio yenye sehemu mbili za kanda na kijana asiye na haraka. Wazalishaji walikonda. Miaka ya 1990 ilipoingia, uchapaji wa santuri nchini ulikuwa umefika ukingoni.

Kwa hivyo mzigo "mpya" unaouona leo una njia mbili za kufika. Ya kwanza ni nyumbani kwako. Mzee amefariki, au familia inahama Kangemi kwenda kwenye nyumba ndogo zaidi, na lile sanduku la chini ya kitanda halina pa kuwekwa. Anaitwa mnunuzi wa vitu vikuukuu. Analichukua pamoja na pasi ya makaa na redio iliyokufa, kwa bei ya jumla. Siku chache baadaye sanduku linafunguliwa River Road, na hapo ndipo thamani yake inapojulikana, lakini si kwa aliyeliuza.

Ninayasema haya nikiwa mkosaji. Babu yangu alikuwa na santuri zake Kawangware, zimepangwa ndani ya kreti ya soda. Sisi wajukuu tulizirusha uani kama visahani kuona ya nani itavuka ua wa jirani. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Moja, aliyoipenda kuliko zote na ambayo aliiweka Jumapili kabla ya chakula, niliirusha mimi. Nakumbuka rangi ya karatasi ya katikati, nyekundu, na sauti ya besi. Jina la bendi silikumbuka vizuri hata leo.

Tatizo la santuri kuvunjika ni hili: kwa nyimbo nyingi za enzi hizo, ile rekodi ndogo ndiyo nakala pekee iliyobaki. Tepu za studio zilipotea au zikafutwa ili zitumike tena, na nyingi ya nyimbo hizo hazikuwahi kutolewa kwenye CD. Kijana wa flashi hawezi kukujazia kisichokuwamo.

Njia ya pili ya mzigo inapitia Ulaya. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimetolewa awali kwenye rekodi ndogo tu. Ya pili ikafuata 2016, mwaka uleule ambao Sterns ya London ilitoa Urgent Jumping, yenye muziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Ni kazi nzuri, zina picha na maelezo ambayo hakuna aliyewahi kutuandikia hapa. Lakini ziliporudi Nairobi zilirudi na bei ya Ulaya, maelfu ya shilingi kwa wimbo ambao baba yako alinunua kwa sarafu za mfukoni. Mtu akikuletea mkataba wa kutoa upya wimbo wa mzee wako, msomaji, usiutie sahihi kwa sababu ya furaha tu. Uliza jina la mtunzi litaandikwa vipi na mrabaha utalipwa nani.

Familia inaweza kuishika kamba yenyewe. Joseph Kamaru alipofariki Oktoba 2018, mjukuu wake anayeitwa pia Joseph Kamaru, mwanamuziki ajulikanaye kama KMRU, alijitwika kazi ya kuzitoa upya nyimbo za babu yake. Nilipofika kwenye habari hiyo nilifunga daftari nikanywa chai kwanza.

Sasa, kama unataka kununua, usikimbilie jalada. Ishike rekodi kwa kingo zake, uielekeze penye mwanga na kuiinamisha kidogo. Mikwaruzo ya juujuu haina neno; mkwaruzo unaosikia ukipitisha ukucha unaweza kuirusha sindano. Itazame pia usawa wa macho, kwani jua la dirisha la gari huipinda kama chapati. Pindua uone upande wa pili. Katika rekodi nyingi za benga na rumba wimbo umekatwa sehemu mbili, na raha yenyewe, magitaa yanapokimbizana, iko upande wa nyuma. Nyumbani zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Za vumbi zioshe kwa maji na tone la sabuni, bila kulowesha karatasi ya katikati.

Usipopata River Road, jaribu Melodica, Tom Mboya Street, duka lililofunguliwa 1971 na ambalo limehifadhi rekodi za 45 kwa miaka na mikaka. Au panda matatu hadi Kenyatta Market, kibanda nambari 570, kinachojulikana na wapenzi wa santuri hata ng'ambo.

Lakini yule mzee wa katoni ana kitu ambacho sikukiona kwingine: daftari la shule lenye majina ya wanaosubiri. Kuna anayesubiri Super Mazembe, kuna anayesubiri taarab ya Mombasa, na mwanafunzi mmoja anasubiri rekodi yoyote ya bendi aliyopigia nyanya yake. Mzigo ukiingia, anapiga simu kwa zamu. Nilimweleza yangu kama nilivyoweza: karatasi nyekundu, besi inayoanza peke yake, pengine ya kutoka Tanga. Hakucheka. Aliniuliza, "Dada, sauti ilikuwa ya mtu mmoja au wawili?" Nikasema wawili. Akaandika. Anasema kuna watu wengine wawili wanaoitafuta iyo hiyo, kwa hivyo mimi ni wa tatu.