Fahali wa chuma wanaokufa bila picha

Je, msomaji, umewahi kufika Khayega siku ya mapigano ya fahali? Kama umewahi, unajua jinsi isukuti inavyotikisa kifua, na jinsi kila mtu anavyoinua simu au kamera ili ampige picha fahali aliyeshinda kabla hajazungukwa na mashabiki. Wageni wengine huendelea hadi msitu wa Kakamega kupiga picha za ndege na nyani. Hata ngoma ya isukuti yenyewe ina watetezi wake, maana mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka.

Yupo fahali mwingine ambaye hana mashabiki. Huyu ni wa chuma, hula dizeli, na nyuma yake huburuta shehena ya mamia ya tani. Wengine wa ukoo wake hawaburuti chochote tena. Wamesimama kwenye reli za kando huku kutu ikiwala na nyasi zikiota kati ya magurudumu. Siku moja watakuja watu wenye mitungi ya gesi ya kukatia vyuma, na baada ya wiki chache hapatakuwa na ishara kwamba waliwahi kuwapo.

Makala haya yanakuomba, wewe na jamaa yako, muwapige picha kabla siku hiyo haijafika.

Reli mbili, Khayega katikati

Khayega haina stesheni. Kituo hiki kiko kwenye barabara ya Kisumu, kama kilomita 10 kusini mwa mji wa Kakamega, na reli zilipita mbali nacho pande zote mbili.

Kusini iko reli iliyotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 iliongezewa tawi linalopanda kutoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda na Yala hadi Butere. Kaskazini iko reli kuu ya Uganda. Hii iliachana na ile ya Kisumu huko Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, na leo hupita Turbo, Webuye na Bungoma hadi Malaba.

Kwa hiyo mkazi wa Khayega anaweza kuchagua. Akipanda matatu ya Kisumu na kushuka Majengo, kuna barabara ya kumfikisha Luanda. Akielekea upande wa pili kupitia Kakamega na Malava, atafika Webuye. Safari ya kwenda na kurudi haimalizi siku nzima.

Reli zote hizi ni za upana wa mita moja, yaani reli ya zamani. Ile mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kufika Suswa mwaka 2019. Mipango ya kuifikisha Kisumu na Malaba imezungumzwa kwa miaka mingi. Injini ya reli ya zamani haiwezi kutembea juu ya reli mpya. Kila hatua SGR inaposogea magharibi, swali linakuwa lile lile: injini na mabehewa ya zamani yatakwenda wapi?

Milima 34, imebaki miwili

Jibu tunalo katika historia. Kati ya mwaka 1955 na 1956, shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea magarimoshi 34 ya aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, mjini Manchester, Uingereza. Yaliitwa daraja la 59. Kila moja lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 250 hivi, na liliweza kupandisha shehena ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Wakati huo hapakuwa na garimoshi la mvuke lenye nguvu zaidi katika reli za mita moja popote duniani.

Yalipakwa rangi ya maruni na kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na Mount Kenya, Ruwenzori Mountains, Mount Meru na Mount Kilimanjaro. Hata Mount Elgon alikuwamo, mlima ambao watu wa Bungoma huuona kila asubuhi isiyo na mawingu.

Kisha dizeli ikaja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake la reli. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kazi. Magarimoshi 32 kati ya yale 34 yalikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Yamebaki mawili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, nayo yako katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Mount Elgon, basi, yuko wapi? Yuko kwenye picha. Na picha nyingi za magarimoshi yale zilipigwa na wageni wapenda reli waliosafiri kutoka mbali, wakazichapisha katika vitabu vya kwao. Mtoto wa Webuye anayetaka kuona garimoshi lililoitwa kwa jina la mlima wa kwao analazimika kulitafuta katika kumbukumbu za watu wa Ulaya. Hatuwezi kuwalaumu wageni hao, kwani wao ndio walioona thamani mapema. Ila tunaweza kujiuliza kama injini za dizeli za zama zetu nazo zitasubiri wageni.

Zipo nyingi za kupigwa picha. Injini za daraja la 93 za kampuni ya General Electric ya Marekani ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu waliozeeka leo walizisikia zikipita usiku walipokuwa vijana. Baadaye, kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoendesha reli kuanzia 2006 hadi 2017, ilileta injini nyingine zilizotumika kutoka Marekani.

Uwandani Kano

Mwanafunzi anayeanza atafute mahali pa wazi. Milima ya Maragoli ni mizuri, lakini reli ya milimani hujificha kwenye makorongo na migomba. Teremka hadi uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu. Hapo reli hupita Muhoroni, Chemelil, Miwani na Kibos katikati ya mashamba ya miwa, na upande wa kaskazini ukuta wa milima ya Nandi husimama kama pazia. Barabara ya Kibos kwenda Muhoroni hufuatana na reli sehemu kubwa ya safari.

Jua la huku linahitaji kueleweka. Sisi tuko ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa utosini. Uso wa injini huwa giza na paa lake hung'aa kupita kiasi. Piga picha kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kumbuka pia kwamba reli ya Kano huelekea mashariki na magharibi. Mwezi Desemba jua huwa upande wa kusini, basi simama kusini mwa reli ili likumulikie injini. Mwezi Juni huwa kaskazini, nawe uhamie upande huo.

Usipige injini kwa mbele tu, kwani itaonekana kama sanduku. Simama pembeni kidogo ili uso na ubavu vionekane kwa pamoja. Treni ya mizigo ni ndefu, kwa hiyo tafuta mahali reli inapopinda, na mabehewa yataingia yote ndani ya picha. Kwa injini iliyosimama kwenye kutu, sogea kisha urudi nyuma. Piga picha moja ya umbo zima, moja ya namba, moja ya kibao cha kiwanda kama bado kipo, na moja inayoonyesha mahali ilipo.

Namba ni muhimu kuliko rangi. Kwa kawaida tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, na mbili za mwisho ni nafasi ya injini katika daraja hilo. Mount Gelai ni 5918, yaani injini ya 18 ya daraja la 59. Mtoto akishaijua hesabu hii, kila treni inayopita inakuwa fumbo lake la kufumbua.

Kabla ya kubonyeza kamera

Reli si njia ya umma, na kuingia eneo la reli bila ruhusa ni kosa la jinai. Usitembee juu ya mataruma wala usipige picha ukiwa kati ya reli mbili, hata kama umeona watu wakipita hapo kila siku. Treni yenye shehena huhitaji mamia ya mita ili isimame, na upepo ukivuma kutoka upande wako hutaisikia mapema. Simama nje ya eneo la reli, barabarani au shambani kwa idhini ya mwenye shamba. Usipande juu ya injini iliyoachwa, kwani mabati yaliyooza hukatika ghafla. Mzazi asiwaache watoto peke yao hata dakika moja.

Ukitaka kuingia stesheni au yadi, mtafute stesheni masta kwanza. Msalimu, jitambulishe, mweleze kazi yako, na mwanafunzi awe na barua ya shule. Akikataa, mshukuru na uondoke. Madaraja makubwa, matangi ya mafuta na bandari ni mahali penye ulinzi, na mtu mwenye kamera huulizwa maswali. Ukisimamishwa na askari, onyesha kitambulisho chako na ulichopiga, bila ubishi. Kurusha droni nako kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali, na isiyoandikwa hupotea vile vile.

Tazama picha za kale za ujenzi wa reli ya Uganda. Mpiga picha William D. Young alifuatana na ujenzi ule na akatuachia kazi ya thamani kubwa. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Katika picha za enzi ile tunaona wengine wao, wamebeba vyuma au wamesimama mstari mmoja pamoja na vibarua Waafrika. Majina yao hayapo. Injini tunaijua namba yake, lakini mtu aliyelaza reli hatujui alikuwa mwana wa nani.

Wewe usifanye hivyo. Nunua daftari la kawaida la shule. Kwa kila picha andika tarehe, saa, mahali, namba ya injini na mzigo uliobebwa. Ukimpiga picha mtu, omba ruhusa kwanza, kisha uandike jina lake na kazi yake kama amekubali. Hifadhi nakala mahali pawili, maana simu huibwa na kompyuta huharibika. Zile bora kabisa uzichapishe kwenye karatasi, ziingie albamu pamoja na picha za arusi na za ubatizo.

Baada ya hapo, peleka albamu hiyo kijijini. Katika Vihiga, Kakamega na Butere wamo wazee waliokuwa madereva, mafundi, walinzi wa treni na makarani wa reli, walioishi katika nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni jijini Nairobi. Mwekee mzee picha ya injini mbele yake na umwulize iliendeshwaje. Kaa kimya, kalamu mkononi. Atakutajia stesheni moja baada ya nyingine, mahali breki zilipokuwa zikitiliwa shaka, na rafiki aliyekuwa naye zamu ya usiku.

Maneno hayo hayauzwi kwa kilo, na fundi wa kukata vyuma hawezi kuyafikia. Lakini mzee naye ana siku zake, kama injini. Likizo inayokuja, anza na yule aliye karibu nawe.