Kukwama na kukwamua: Somo la nati iliyoshika kutu

MWEZI jana nilikwenda nyumbani Gesima, Kaunti ya Nyamira, nikakuta pikipiki ya marehemu kakangu ingali imeegemezwa nyuma ya jiko. Ilikuwa imenyeshewa misimu miwili. Mwanawe alitaka kuanza kubebea abiria, lakini breki za nyuma zilikuwa zimekwisha. Anayeijua miteremko ya kwetu wakati wa mvua anajua kuwa hilo si jambo la kuahirisha.

Breki hizo hazifikiwi bila kutoa gurudumu, na gurudumu halitoki mpaka nati ya ekseli ifunguke. Nikachukua spana, nikairefusha kwa kipande cha bomba ili nipate nguvu, nikavuta. Nati haikusogea hata unywele. Kilichotoka ni pembe zake, na ngozi ya vidole vyangu viwili.

Fundi wa sokoni alipoletwa aliitazama, akatabasamu kwa heshima: "Tata, hii haifosiwi. Hii unaibembeleza tu."

Kauli hiyo fupi ina mafunzo mawili, la ufundi na la lugha.

Tuanze na la ufundi. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa. Nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hivyo ndani ya hesi, yaani ile mizunguko iliyochongwa kwenye bolti na nati, kutu hujaa na kubana. Ukivuta kwa pupa, kinachosalimu amri kwanza ni pembe za nati au shingo ya bolti yenyewe.

Fundi alisugua kwa brashi ya waya, akatia dizeli, akaenda zake. "Iache inywe hadi kesho," alisema. Wenye uwezo hutumia WD-40, dawa iliyobuniwa Marekani mwaka 1953. Herufi zake zinarejelea kazi ya kufukuza maji, na 40 ni fomula ya arubaini.

Kesho yake aligongagonga nati pande zote kwa nyundo ndogo. Mtikisiko hupasua kutu na kufungulia dizeli njia. Kwa kuwa pembe zilikuwa zimelika, alitafuta spana ya duara iliyobana zaidi, akaipigilia juu yake. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: alijaribu kuikaza kwanza, kidogo sana, ndipo akailegeza. Mbele, nyuma, dizeli tena. Nilipomuuliza kwa nini hatumii moto, kwa maana chuma kikipata joto hutanuka, alinionyesha tairi, tangi la petroli na dizeli aliyomwaga. Sikuuliza tena.

Sasa la lugha. Kiswahili kina kauli ya kutendua, inayofuta lililotendwa: funga, fungua, kunja, kunjua, tega, tegua, ziba, zibua. Aliyekwama hukwamuliwa. Kiambishi ni -u-, ila mzizi ukiwa na irabu o nacho hugeuka -o-, kama katika chomeka na chomoa. Darasani huwa tunayapanga maneno haya jozi jozi, mwanafunzi akaamini kwamba kutendua ni kurudi tu ulikotoka.

Lakini tazama kinyume cha kukaza. Tunasema kulegeza, na hapa hakuna -u- ya kutendua. Kulegeza kumetokana na kulegea. Ni kukifanya kitu chenyewe kilegee. Fundi alilegeza kwanza, kisha akafungua. Mimi mwenye shahada nilianzia kufungua.

Wapo watakaolalamika kwamba fundi alisema "haifosiwi" badala ya "hailazimishwi", na kwamba gereji zetu husema thredi badala ya hesi na skrubu badala ya parafujo. Mimi silalamiki sana. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Nati na spana kwa Waingereza. Neno halina kosa kwa kuwa limetoka mbali. Kinachoniuma ni kingine. Kijitabu cha pikipiki ile ni cha Kiingereza kitupu, na mwana wa kakangu, aliyeachia shule kidato cha pili, alikuwa amekifungia nailoni bila kukisoma. Maarifa ya kuokoa vidole na maisha yanamfikia kwa mdomo tu, akibahatika kupata fundi mwenye subira.

Nati ilitoka saa nne asubuhi. Hatukuirudisha, pembe zikishalika, nati ni ya kutupwa. Tulinunua mpya, tukapaka hesi grisi kidogo, tukihadhari isiguse breki. Kijana alishuka mteremko wa kwanza polepole, akasimama chini kabisa, akapunga mkono.

Wenzangu tunaofundisha sarufi, tuwaandikie vijana hawa. Vitenzi tunavyo. Tusisubiri wakwame ndipo tuwakwamue.