Je, Wajua? Qaranful, Jina la Kiungo na la Ua

Je, wajua kwamba Mwarabu akikuagiza qaranful, huenda anataka kiungo cha pilau, na huenda anataka shada la maua? Neno ni hilohilo kwa karafuu, iliyorithi jina lake humo, na kwa ua la karnesheni. Waturuki nao wana karanfil kwa vyote viwili.

Undugu huo unatoka wapi? Puani. Eugenoli, kemikali inayoipa karafuu ukali wake, imo pia katika harufu ya ua hilo.

Je, wajua qaranful ni mgeni hata Uarabuni? Wanaisimu wengi hulirejesha kwa Kigiriki, karyophyllon, ambalo ukilipasua unapata “kokwa” na “jani”. Karafuu si kokwa wala si jani! Ndiyo maana wapo wanaoshuku kwamba Wagiriki walisikia neno la Bara Hindi wakalivika nguo za kwao. Nami naona wanaoshuku wana hoja.

Karafuu yenyewe ni ua. Loweka moja katika maji ya moto, kisha bandua kwa ukucha kile kitufe cha juu: ni petali nne zilizofumbatana, na chini yake nyuzinyuzi za chavua. Ni kitumba kilichochumwa kabla ya kuchanua. Kikichanua mtini, thamani imekwenda.

Je, wajua mshairi Imru' al-Qais aliitaja qaranful katika karne ya 6, kabla ya Uislamu? Mikarafuu wakati huo ilimea Maluku tu, Indonesia ya leo. Mwaka 1770 ndipo Mfaransa Pierre Poivre alipofanikisha miche kutoroshwa hadi Mauritius. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na hadi leo Pemba ndiyo yenye sehemu kubwa ya zao.

Tukirudi kwenye majina, Waajemi waliangalia umbo la karafuu: mikhak, kijisumari. Nao hulitumia kwa karafuu na kwa ua.

Je, wajua mapinduzi ya Ureno ya 25 Aprili 1974, wananchi walipochomeka karnesheni kwenye mitutu ya bunduki za askari, Waarabu huyaita mapinduzi ya qaranful? Mpemba akisikia hivyo anaweza kudhani wakulima wamegomea bei. Utawala ulioangushwa siku hiyo ndio uliokuwa ukiitawala Msumbiji, iliyojipatia uhuru Juni 1975.