Masika yameingia: mpeleke mtoto akasome nyuma ya nyumba

Nikiwa shule ya msingi nilikariri hatua za ukuaji wa mbu: yai, lava, pupa, mbu kamili. Mtihani nilipata vyote. Lakini kiluwiluwi chenyewe nilikuja kukiona kwa macho yangu nikiwa chuo kikuu, ilhali nyumbani ndoo zetu za maji ya mvua zilijaa hivyo vidudu miaka yote!

Mzazi, kuanzia Machi hadi Mei somo hili liko uani kwako. Mwanao akirudi na daftari la Sayansi, zungukeni pamoja mkague matairi, makopo, vifuu vya nazi na sahani za maua. Mkikuta viluwiluwi, mwageni maji hayo kwenye udongo mkavu, kisha sugueni chombo ndani. Mbu anayeeneza dengue hugandisha mayai kwenye kuta za chombo, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Rudieni kila wiki, kwa sababu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi 14. Na mweleze mtoto kwamba mbu wa malaria huuma usiku, wa dengue huuma mchana, hivyo chandarua peke yake hakitoshi.

Hisabati nayo ipo. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 5 kwa 6 likinyeshewa milimita 20, yanapatikana maji lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Mwache apige hesabu mwenyewe.

Kwa Kiswahili, amuulize bibi tofauti ya manyunyu, rasharasha na mvua ya vuli. Kwa Jiografia, wa pwani waulizane kaskazi inaisha lini na kusi inaanza lini.

Ila asiingie kwenye mitaro wala maji ya mafuriko kwa kisingizio cha kujifunza. Humo hupita kinyesi, na kipindupindu hakichagui.

Mtoto akipata homa msimu huu, mpeleke akapimwe ndani ya saa 24. Kabla ya kipimo usimpe aspirini wala ibuprofeni. Kama ni dengue, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.