Patasi Itulie, Mti Uje

Jirani yangu wa karakana hapa Mkunazini amechonga milango zaidi ya miaka ishirini: minyororo, yungiyungi, mitende, yote mkono wake unaijua. Jioni moja nilimkuta akijaza gunia vipande vya msaji apeleke nyumbani kuwashia jiko. Nikamwambia, "Sheikh, hizo unazokwenda kuchoma ni kalamu." Akacheka. Fundi mzima akae siku nzima na kitu cha mfukoni?

Kalamu ya mti hukerezwa, na kukereza si ugeni pwani. Miguu ya vitanda vya samadari ilipitia kwenye kerezo, na wazee walilizungusha kwa upinde na kamba. Mimi nina mashine ndogo ya umeme, inaenea juu ya meza.

Kalamu ya kuanzia haitaki mti mwingi. Kata kipande cha mraba, upana kama sentimita 2, urefu 13, kisha kigawe nusu kwa nusu. Kila nusu itoboe katikati kwa keekee ya milimita 7, utie kibomba cha shaba ya manjano kwa gundi. Ncha, wino na kibanio huja kwa pakiti, mimi huagiza.

Siku moja jirani akakubali kujaribu na, kwa tamaa, akashika mpingo. Nikamnyang'anya. Mpingo ni mzito hata majini huzama, na ukiutoboa kwa pupa hupata moto ukapasuka. Vumbi lake nalo huwasha ngozi. Nikampa mfenesi: laini, rangi ya manjano, na kadiri siku zinavyopita hugeuka hudhurungi. Tundu la kwanza likaenda upande, la pili likanyooka.

Tabu ilianza kwenye mashine. Mchonga milango amezoea mti uliolala na patasi inayosukumwa kwa nyundo. Naye akaisukuma. Patasi ikadaka, kipande kikapasuka na kurukia chini ya kabati, kibomba kikabaki uchi. Nashukuru nilikuwa nimemvalisha miwani na kumvua kanzu. Mikono mipana na kitu kinachozunguka haviendi pamoja.

"Usiufuate mti," nikamwambia. "Wewe tulia, wenyewe utakuja." Patasi huegemezwa juu ya chuma cha mbele. Kwanza mgongo wa makali uguse mti bila kukata, usikie unateleza tu. Kisha unanyanyua mkia wa mpini kidogo kidogo mpaka makali yaanze kuuma. Kwa kipande kingine alifanya hivyo mara tatu, nne. Mara ya tano sauti ikabadilika, ule mkwaruzo ukawa mluzi mwembamba, na maranda yakaanza kumwagika mkononi mwake kama tambi. Akanyamaza kabisa. Adhana ya alasiri ndiyo iliyotusimamisha.

Msasa ni kazi ya subira: namba 150, 240, 400, mwisho 600, ule wa mwisho mashine ikiwa imezimwa, ukifuata nyuzi za mti. Nta ya nyuki kidogo juu yake. Kisha tukaiunganisha kalamu na ncha na kibanio kwa kuibana kwenye jiliwa, tukiweka vibao pande mbili isichubuke.

Ina tumbo upande mmoja, haifanani na ya dukani hata kidogo. Lakini ndiyo anayoandikia risiti za milango yake. Na mimi siku hizi nikimwomba kipande cha msaji, naambiwa vimekwisha.