Usitupe kitabu chakavu, kina mtaji ndani yake

MALI bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umezoeleka katika semina za ujasiriamali na katika vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa kawaida husemwa kumkumbusha mfanyabiashara kuandika mapato na matumizi yake. Lakini daftari lenyewe linaweza kuwa mali. Katika nyumba nyingi za Ilomba, jijini Mbeya, kuna vitabu vilivyochanika, maboksi, mifuko ya saruji na vipande vya kitenge vinavyosubiri kuchomwa moto, na vyote hivyo ni malighafi ya biashara ambayo mtaji wake mkubwa ni mikono na uvumilivu.

Biashara hiyo ni utengenezaji wa madaftari ya mikono, au shajara za sanaa. Fundi huchukua kitabu cha zamani au jalada lake, akaongeza karatasi, kitambaa, rangi, uzi na mabaki ya mimea, akatoa daftari ambalo halifanani na jingine. Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaotumia madaftari ya namna hii kuandika kumbukumbu za safari, kuchora na kubandika picha na tiketi. Hapa nchini, madaftari yenye majalada ya kitenge yamekuwa yakiuzwa katika maduka ya zawadi ya Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam.

Nyanda za Juu Kusini haziko nyuma katika kazi hii. Mwaka 2003, mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha kituo cha Neema Crafts chini ya msanii kutoka Uingereza, Susie Hart. Kituo kilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Malighafi iliyowapatia jina ilikuwa kinyesi cha tembo, ambacho wengi hawakuwahi kukifikiria kuwa na thamani.

Sababu yake inaeleweka. Tembo hula majani na magome kwa wingi, lakini tumbo lake huyeyusha chini ya nusu ya anachokula. Kinachobaki ni nyuzinyuzi za mimea ambazo zimeshasagwa na kulainishwa. Kinyesi kikioshwa, kikachemshwa vizuri ili kuua vijidudu, kikapondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, hutoa karatasi ngumu kidogo yenye sura ya kupendeza, isiyo na harufu. Kutoka hapo kituo kilipanuka hadi ufumaji, ushonaji, shanga na mgahawa uliojulikana kwa kuhudumiwa na wafanyakazi viziwi. Watu wenye ulemavu ambao wengi waliwadhani ni mzigo kwa familia zao wakapata kazi na mshahara.

Somo kwa mkazi wa Ilomba si kwenda kutafuta tembo. Somo ni kwamba taka ya mtu mmoja ikipitia mikono yenye ujuzi inakuwa bidhaa, na kwamba kazi hii haihitaji mashine, umeme wala eneo kubwa.

Malighafi zilizopo

Ilomba imekaa pazuri kwa shughuli hii. Iko kando ya barabara kuu ya TANZAM, barabara hiyohiyo inayopita Iringa na Mafinga. Katika Wilaya ya Mufindi, huko Mgololo, ndiko kilikojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi nchini, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1980 kwa kutumia miti ya msitu wa Sao Hill. Karatasi ya kaki inayotokana na misonobari ina nyuzi ndefu, ndiyo maana hutumika kutengeneza mifuko ya kubebea vitu vizito.

Mfuko wa saruji wa karatasi una tabaka zaidi ya moja. Tabaka ambalo halikugusana na saruji ni safi, gumu na linakunjika bila kupasuka, hivyo hufaa sana kwa jalada au kurasa za kaki. Fundi achague mifuko ya karatasi na kuacha ile ya plastiki iliyosokotwa. Aikung'ute nje, upepo ukiwa nyuma yake, na afunge pua na mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru mapafu na huunguza ngozi yenye unyevu.

Vipande vya kitenge na khanga hupatikana kwa mafundi cherehani, ambao mara nyingi huvifagia na kuvitupa. Maboksi hupatikana madukani. Chai iliyochemshwa ikakolea, au kahawa, hugeuza karatasi nyeupe kuwa na rangi ya kizamani, na mikoa hii inalima vyote viwili. Nta ya nyuki ya kupaka kwenye uzi hupatikana kwa wafugaji wa nyuki, wakiwamo wa Chunya.

Kwa mkulima, maganda ya nje ya mahindi na mashina ya migomba ni hazina nyingine. Hukatwa vipande vifupi na kuchemshwa kwa saa kadhaa katika maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni hadi nyuzi ziachane, kisha huoshwa kwa maji mengi na kutwangwa kwenye kinu. Maji ya majivu huchubua ngozi, kwa hiyo glavu ni lazima, na kinu hicho kisirudi tena jikoni.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Wapo wanaopenda kupamba majalada kwa punje za mahindi, maharage au ulezi. Mapambo hayo hupendeza siku ya kwanza, lakini dumuzi na panya nao huyapenda. Aidha, nchi kama Australia ni kali kuhusu mbegu zinazoingia mipakani mwake, na mgeni anaweza kunyang'anywa zawadi yake uwanja wa ndege. Maganda makavu ya mahindi yaliyobanwa yakanyooka ni salama zaidi kuliko punje.

Vitabu vya kukata na vya kuacha

Si kila kitabu chakavu kinafaa kukatwa. Kitabu chenye mhuri wa shule au maktaba kinaweza kuwa mali ya umma, na anayekiuza huenda hakuwa na haki ya kukiuza. Misahafu na Biblia ziachwe, kwa heshima ya waumini. Mafaili ya hospitali, karatasi za mitihani na nyaraka za benki zina siri za watu, hivyo zisiwe mapambo ya daftari la mtu mwingine.

Vilevile, kabla ya kuingiza kisu, ni vyema kuuliza wauza vitabu vya mitumba kama kitabu hicho kina mnunuzi akiwa kizima. Kitabu kilichoadimika kina thamani kubwa kikiwa kizima kuliko jalada lake likiwa daftari. Vinavyofaa ni vile vilivyopitwa na wakati au kupoteza kurasa, hasa vyenye majalada magumu.

Namna ya kutengeneza

Njia ya kwanza ni kukigeuza kitabu chenyewe. Fundi hutoa ukurasa mmoja kila baada ya kurasa chache, ili kitabu kisifure kikibandikwa vitu. Kurasa zinazobaki hugandishwa mbilimbili au tatutatu ziwe nene, kisha hupakwa rangi nyeupe ya maji kwa safu nyembamba. Rangi hiyo hufifisha maandishi ya zamani na kuufanya ukurasa upokee wino na picha. Baada ya kukauka hubandikwa vitambaa, vipande vya ramani, stempu na mifuko midogo ya kuhifadhia barua.

Njia ya pili ni kutumia jalada tu. Kurasa za zamani hutolewa kwa kukata taratibu kwenye bawaba za jalada, na kurasa mpya zikashonwa mahali pake. Karatasi nne au tano za A4 hukunjwa katikati kwa pamoja kufanya fungu moja. Mafungu manne ya karatasi tano hutoa kurasa 80. Kila fungu hutobolewa matundu kwenye mkunjo kwa kutumia kipimo kimoja, ili matundu yote yalingane. Kisha hushonwa kwa sindano ya fundi viatu na uzi imara uliopakwa nta, kila fungu likifungwa na lililotangulia. Mgongo hupakwa gundi, hubandikwa kipande cha kitambaa, na kitabu huwekwa chini ya matofali usiku kucha.

Njia ya tatu ni kutengeneza karatasi yenyewe. Karatasi chakavu huchanwa vipande vidogo, huloweshwa usiku mmoja na kutwangwa hadi iwe rojo kama uji mwepesi. Rojo humiminwa kwenye beseni la maji, na fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa madirishani huzamishwa na kuinuliwa ikiwa bapa. Maji huchuruzika, nyuzi hubaki juu ya wavu. Hugeuziwa kwenye kitambaa, hukamuliwa kwa uzito na kuanikwa kivulini. Karatasi hufupika nyuzi kila inaporejelewa, na baada ya mara tano hadi saba huwa dhaifu mno. Ndiyo maana ni busara kuchanganya nyuzi ndefu za mfuko wa kaki au mgomba.

Gundi ya kubandika karatasi inaweza kupikwa nyumbani: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, ikikorogwa motoni hadi iwe nzito na kung'aa. Ipikwe kidogo kidogo, kwani huchacha baada ya siku moja au mbili. Daftari lisilokauka vizuri hushika ukungu, na kwa sababu hiyo miezi ya masika ni migumu kwa kazi hii jijini Mbeya. Juni hadi Agosti, wakati hewa ni kavu na kuna upepo, ndiyo majira ya kuzalisha kwa wingi.

Hesabu inayowaponza wengi

Hapa ndipo mafundi wengi wa kazi za mikono huanguka. Hudhani kwa kuwa malighafi ni taka, basi kazi haina gharama.

Tuchukue mfano, ambao kila mmoja aubadilishe kwa bei za mtaani kwake. Rimu moja ina karatasi 500, na daftari la kurasa 80 za A5 hutumia karatasi 20, hivyo rimu hutoa madaftari 25. Rimu ikinunuliwa Sh 15,000, kila daftari limebeba karatasi ya Sh 600. Jalada la kitabu chakavu likiwa Sh 500, vitambaa Sh 300, uzi na gundi Sh 400, rangi na mfuko wa kufungia Sh 200, jumla ni Sh 2,000.

Fundi asiyejihesabu atauza Sh 3,000 akifurahia faida ya Sh 1,000. Lakini ikiwa anamaliza madaftari manne kwa siku, na kibarua cha siku angelipwa Sh 10,000, basi kila daftari limebeba nguvu kazi ya Sh 2,500. Gharama halisi ni Sh 4,500. Aliyeuza Sh 3,000 amepata hasara ya Sh 1,500 bila kujua, na ndiyo maana baada ya miezi michache mtaji hukata.

Hali huwa mbaya zaidi akipeleka dukani kwa mali kauli. Mwenye duka akichukua asilimia 30, daftari la Sh 5,000 humrudishia fundi Sh 3,500 tu. Akiuza Sh 7,000 atapata Sh 4,900, na hapo faida ni Sh 400. Kwa Sh 8,000 hupata Sh 5,600, faida Sh 1,100. Mteja akiuliza, "Dada, mbona ghali hivi?", fundi aliyeandika hesabu zake ana jibu, na anajua kiasi cha juu anachoweza kupunguza.

Soko liko wapi?

Kosa jingine ni kumsubiri mtalii. Watalii wanaopita Mbeya ni wachache kuliko Arusha. Wateja wa karibu ni vikundi vya VICOBA vinavyohitaji daftari gumu la michango, kamati za harusi zinazotaka kitabu cha wageni chenye kitenge cha sare, wahitimu wanaotafuta zawadi, na wenye maduka wanaochoka na madaftari yanayochanika kabla ya mwaka kwisha. Daftari la kikundi halihitaji urembo mwingi, bali mgongo uliokaza na jalada linalostahimili.

Maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Uyole, ni nafasi nyingine nzuri, kwa kuwa huja mwishoni mwa miezi hiyohiyo ya kuzalisha. Aidha, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, anayejua kukunja na kugandisha karatasi ya kaki anaweza kuongeza mifuko ya zawadi kwenye bidhaa zake.

Kwa mafunzo na ushauri, SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mkoani Mbeya. Kwa mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hustahili mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Wakaanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hata hivyo, mkopo usitangulie ujuzi. Anayetaka kuanza atengeneze madaftari matano kwa vitu vilivyomo nyumbani, ayatoe kwa watu watumie mwezi mzima, kisha arudi kuona ni wapi mgongo umelegea na ni wapi kitambaa kimebanduka. La kwanza kabisa alibakize kwake mwenyewe, aandike ndani yake gharama ya uzi, bei ya unga na saa alizotumia. Litakuwa daftari baya kuliko yote atakayotengeneza, lakini ndilo litakalomwambia kama biashara inalipa.